Mzigo Nilioutua Tura

Nyie mnaoanza kazi ya maabara siku hizi hamjui kengele. Mnajua mlio wa mashine tu, ule wa kuwaambia karatasi imeisha. Sisi tulikuwa na kidude cha chuma chenye vitufe vitano, kila kitufe na aina yake ya chembe nyeupe za damu. Jicho kwenye hadubini, kidole kwenye kitufe, unahesabu moja moja. Ukifika mia, kidude kinalia, ting! Na kwa kuwa dirisha letu lilitazamana na wodi ya watoto, wauguzi waliisikia kengele ile wakajua majibu yanakuja.

Naanza na kengele kwa sababu aibu yangu yote iko pale. Nimestaafu, nakaa Cheyo hapa Tabora, nafuga kuku, naimba besi kanisani ingawa pumzi inakata katikati ya ubeti. Watu wananipa heshima. Kuna mwanamke wa Ulyankulu aliyekuwa akiniletea ndoo ya asali kila msimu kwa miaka mingi, na kila nilipoipokea nilitamani ardhi ipasuke nizame. Leo nawaambia kwa nini. Msiniulize kwa nini nimechelewa, nitawajibu humo humo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kapela, mfupi, mkali, vidole vya zambarau kwa ile dawa ya kutia rangi damu. Wiki yangu ya kwanza niliacha slaidi dirishani zikauke, nikaenda kunywa chai. Kurudi, nikakuta vioo vinang'aa, damu hakuna. Nikaanza kuuliza nani kaviosha. Mzee Kapela akaniambia nzi wameshapata kifungua kinywa, na mimi ndiye niliyewaandalia meza. Tangu siku hiyo nilifunika slaidi zangu kwa beseni. Wiki ya pili nikaweka kioo juu chini, nikahangaika saa nzima kutafuta chembe ambazo ziko upande wa pili. Alinitazama tu mpaka nilipotokwa jasho, ndipo akaja akakigeuza.

Lakini alinifundisha. Tone liwe dogo kuliko punje ya mtama. Kioo cha kutandazia ukiinamishe, usikandamize, ukisukume mara moja tu bila kusitasita, damu iishie kwa ukingo mwembamba tunaouita mkia. Halafu, sikilizeni hili, usihesabu katikati peke yake. Chembe kubwa na zile changa huburutwa mpaka pembeni na mkiani. Ukikaa katikati utakutana na watu wazima watupu, utadhani kijiji kizima hakina watoto.

Siku moja daktari alimchoma mgonjwa sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, akavuta uboho. Uboho mnaujua, si ndio ule mnaoufyonza kwenye mfupa wa supu. Mzee Kapela akautandaza, akautia rangi, akanikalisha kwenye hadubini tangu asubuhi hadi mchana. Akaniambia chembe za mle ndani hazikai kama abiria wa treni, kila mtu na safari yake. Zinaleana. Akanionyesha moja kubwa, mlaji, imezungukwa na changa zinazoigusa kila upande, yenyewe inazilisha na kula takataka zao. Akaniambia mle mle zinakaa chembe zilizokwisha kupambana na maradhi zamani. Surua uliyougua ukiwa mtoto, ziko zinazoikumbuka mfupani mwako mpaka leo, na bado zinatengeneza silaha yake. Ziko pia za kupeleka habari. Kidonda kikiingia uchafu mguuni, habari inafika ubohoni, na chembe mama zinaharakisha kuzaa askari.

Askari hao, kwa kawaida, hukaa mle mfupani siku kadhaa wakakomaa. Aliyekomaa utamjua kwa kiini chake, kimekatika vipande vipande vilivyoshikana kwa uzi. Aliye mchanga, kiini chake ni kizima bado, kimepinda tu kama mpini wa kikombe. Vita ikiwa kali, uboho haungoji wakomae. Unawatoa hivyo hivyo. Na hapo ndipo penye mtego. Jumla ya chembe nyeupe ikipanda, uboho unamudu. Lakini jumla ikiwa ya kawaida, nzuri tu ya kumfurahisha daktari, na ndani yake watoto ni wengi, basi ghala limekauka na mgonjwa yuko pabaya.

Mzee Kapela alikuwa na neno lake: "Ukiona watoto vitani, kaulize wakubwa wako wapi." Nililirithi neno hilo. Nimewafundisha wanafunzi wengi kwa mbwembwe, na wengine waliliandika kwenye madaftari.

Basi sikilizeni alivyolitumia mwalimu wao.

Mzee Kapela alipostaafu, mimi ndiye niliyebaki mkubwa. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa hodari wa njia za mkato. Nikaanza kuhesabu chembe hamsini badala ya mia, halafu nazidisha kwa mbili. Tena fomu yetu haikuwa na kisanduku cha chembe changa. Mzee Kapela alikuwa akiziandika kwa mkono pembeni, wino mwekundu. Mimi nikaona usumbufu, nikawa nazijumlisha na wakubwa zao. Hakuna aliyenigundua, ila mtu mmoja, na huyo hakuwa mtu wa maabara.

Alikuwa Bi Mwanahawa, muuguzi wa wodi ya watoto. Mzaramo wa Kisarawe, aliyeolewa na mtu wa reli akahamia kwetu. Mimi Mnyamwezi. Mnajua kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku kwenda pwani na kurudi. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana unacheka, na ukinuna wewe ndiye unayeonekana mshamba. Bi Mwanahawa hakuwahi kuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Mpagazi. Mimi nikamwambia Mzaramo hata akiwa kazini masikio yake yako ngomani, na labda ni kweli, maana ni yeye aliyeisikiliza kengele.

Siku hiyo aliletwa mtoto wa kike wa miaka saba, Dafroza, kutoka Ulyankulu. Mama yake ni wa zile familia zilizotoka Burundi zamani, wakulima wa tumbaku, mwanamke mpole, rozari mkononi. Mtoto alikuwa na homa siku ya tano na mguu wa kulia unamuuma. Walisema alianguka akichota maji. Malaria hakuna. Daktari akaomba hesabu ya chembe za damu. Nikatandaza, nikatia rangi, nikahesabu. Nilikuwa na slaidi nyingine kumi na moja zinangoja. Nikaishia hamsini. Viini vilivyopinda niliviona, wallahi niliviona, nikabonyeza kitufe cha wakubwa. Nikaandika: jumla ya kawaida, mgawanyo wa kawaida. Daktari akasoma, akaandika dawa ya maumivu na kwamba kesho wakiamka salama waende nyumbani.

Haukupita muda Bi Mwanahawa akaja dirishani na fomu yangu mkononi.

"Mpagazi, leo sijasikia kengele."

Nikamjibu kwamba leo hakuna ngoma, arudi wodini. Wenzangu wakacheka.

"Mzigo umeutua Tura," akasema, "unawaambia watu umefika Tabora."

Hapo maabara nzima ilivunjika mbavu, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Mnapajua Tura, kituo kile cha treni mashariki yetu. Misafara ya zamani ilipita huko ikitoka pwani, na kutoka Tura bado una siku za kutembea ndipo uione Tabora. Mpagazi mvivu kutua mzigo Tura na kudai amefika, huo ni utani wa haki kabisa, wala sikuona pa kuukasirikia.

Yeye alicheka kidogo. Lakini hakuondoka. Akasema mtoto hataki hata shuka liguse mguu, na akaniambia, "Hesabu tena." Nikamwambia akitaka aje ahesabu mwenyewe, ila nasikia hesabu ya Kizaramo inaishia kumi. Wenzangu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alinitazama, akakunja fomu, akaenda zake.

Nimejitetea miaka mingi kwamba ulikuwa utani, na mtani hachukuliwi kwa uzito. Ni uongo. Lile neno la mwisho alilisema bila kucheka, na mimi nililisikia hivyo hivyo, bila kucheka. Nilijificha tu nyuma ya utani kwa sababu slaidi ya tatu ilikuwa inakauka na sikutaka kurudi nyuma.

Bi Mwanahawa hakukubali mtoto aondoke. Kesho yake alisema homa imepanda, keshokutwa yake akamshika daktari mkono, sina namna nyingine ya kusema, akampeleka kitandani akamwambia abonyeze mfupa wa muundi. Mtoto alipiga kelele tukazisikia sisi maabara. Daktari akaomba damu upya, haraka. Safari hii nilihesabu mia. Kengele ikalia. Kati ya mia hizo, zaidi ya theluthi zilikuwa changa, nyingine changa hata kwa uchanga. Nikaitoa slaidi ya kwanza kwenye sanduku nikaihesabu nayo mpaka mwisho, mkiani na pembeni. Zilikuwemo. Siku mbili nzima uboho wa mtoto yule ulikuwa umeshatoa kila ulichonacho, unaomba msaada kwa lugha ninayoijua mimi peke yangu hospitali nzima, nami nimeandika kawaida.

Nilikimbia. Nilivuka uwanja na koti langu jeupe nikiwa na majibu mkononi, nikaingia wodini nahema, nikamwambia daktari mbele ya mama wa mtoto kwamba chembe changa zimejaa, huu ni usaha ulio ndani, asingoje. Daktari hakungoja. Dawa ya sindano ikaanza pale pale, mfupa ukapasuliwa siku hiyo hiyo ukatoa usaha. Mtoto alipona. Mguu haukupona. Waliukata chini ya goti, na daktari aliniambia kwa huruma, bila kujua anazungumza na nani, kwamba siku mbili za mwanzo ndizo zilizoula.

Mama yule aliona nini? Aliona mtu mwenye koti jeupe anakuja mbio, na kila kitu kikabadilika. Alipiga magoti mbele yangu. Nikamwinua. Nikazipokea shukrani zake.

Kwenye kikao cha asubuhi mkuu wetu alinisifu mbele ya watu. Nikasimama. Nikasema asante. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa karibu na mlango, nikangoja aseme. Alipopita karibu yangu wakati wa kutoka alisema taratibu, "Haya, Mpagazi. Umefika Tabora." Hayo tu.

Bado sijamaliza. Ile fomu ya kwanza niliifuata wodini, nikasema nataka kurekebisha tahajia ya jina. Haikurudi tena. Niliichoma kwenye moto wa mkaa nyumbani, mke wangu akichemsha maharage. Slaidi nilitaka kuivunja nikashindwa. Niliifunga kwa pamba, nikaiweka kwenye kopo la vidonge. Sijui kwa nini kioo kilinishinda na karatasi haikunishinda.

Bi Mwanahawa aliendelea kunitania miaka yote mpaka tukastaafu. Alinitania kipara, sauti yangu ya besi, kuku wangu. Mzigo wa Tura hakuutaja tena. Mtani akiacha kukutania jambo moja, jueni jambo hilo limetoka kwenye utani.

Dafroza akakua. Akapata mguu wa bandia, akaolewa, akaanza kufuga nyuki na mumewe. Msimu wa kwanza aliovuna asali aliniletea ndoo. Hakuifikisha nyumba ya Bi Mwanahawa, mtaa wa pili kutoka kwangu, aliitua mlangoni pangu. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Akaniambia kama si mimi angekuwa kaburini. Mke wangu akatoa machozi. Nikaipokea ndoo. Msimu uliofuata nikaipokea, na mwingine, na mwingine. Kila mara nilisema moyoni kwamba safari ijayo nitamwambia. Asali ya miombo ni tamu, vijana, na mimi niliila.

Bi Mwanahawa alifariki baada ya mvua za mwaka jana. Watani tunayo kazi yetu msibani, mnaijua: kuiga marehemu, kuwachekesha wafiwa, kusema ambayo wengine hawawezi kusema. Binti yake alinipa gauni lake jeupe la kazi. Mzee mzima nikalivaa juu ya suruali, nikatembea kama yeye, tumbo mbele, nikiwaamrisha waombolezaji wameze dawa. Watu walicheka na kulia. Dafroza alikuwepo, amekaa na akina mama, mguu wa bandia ameunyoosha mkekani.

Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikasimama katikati na gauni lile, nikasema kwa sauti yote iliyobaki: "Sikieni! Mtoto wa Ulyankulu aliokolewa na huyu Mzaramo! Mimi nilihesabu hamsini nikatua mzigo Tura, halafu nikamwibia sifa zake!"

Wakaangua kicheko. Mzee mmoja akanipigia makofi. Mwingine akasema Wanyamwezi wamejua kumlilia mtani wao. Nikarudia, wakacheka zaidi. Dafroza alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Nilisimama pale na ukweli mkononi, hakuna anayeupokea, na ndipo nikajua Bi Mwanahawa alivyosimama dirishani kwangu na ile fomu. Nililia. Wakadhani namwiga mtu.

Baada ya miezi michache asali ikaja. Nilimwona Dafroza anafungua geti, ndoo kichwani, nikatoka kabla hajafika mlangoni.

"Usiitue kwanza," nikamwambia.

Nilimwambia yote, tumesimama uani, kuku wanazunguka miguuni. Hamsini, kitufe, dirisha, siku mbili, fomu. Sikuweka kicheko hata kimoja. Alisikiliza ndoo ikiwa kichwani.

"Ulisema msibani," akasema.

"Nilisema."

"Tulidhani utani."

Nikaingia ndani nikaleta kopo la vidonge. Alikitazama kile kioo, kidoa cha zambarau kilichofifia, damu yake ya alipokuwa na miaka saba. Akasema anataka kuona. Tukapanda bajaji mpaka hospitali, na ndoo yake mapajani.

Mmoja wenu ndiye aliyetupisha kwenye hadubini, binti mwenye adabu, Mungu ambariki. Alinionyesha mashine yenu, jinsi inavyohesabu maelfu kwa dakika moja, na inapokuta chembe changa inavyoweka alama ya tahadhari pembeni. Nikamwuliza huwa mnafanya nini ikitoka alama hiyo. Akaangalia chini. Akasema foleni ikiwa ndefu wanabonyeza kitufe cha sawa, majibu yanatoka. Sikumsema. Ningemsema kwa mdomo gani? Ila ndiyo sababu naandika haya. Kisanduku mmekipata ambacho mimi sikuwa nacho, na kengele pia mnayo, ila siku hizi hailii, inaandikwa.

Rangi ilikuwa imechujuka lakini ilitosha. Nikausogeza mkia wa slaidi mbele ya jicho, nikarekebisha, nikampisha Dafroza. Hajasoma zaidi ya darasa la saba. Nikamweleza kwa maneno ya Mzee Kapela: wale waliokatika vipande ni wakubwa, wale waliopinda ni watoto. Akaweka jicho. Kidole chake kikawa kinagonga meza polepole, nikatambua kwamba anahesabu.

Kisha akainua uso akanitazama. Hakuwa na hasira. Nafuu angekuwa nayo.

"Mbona wanaonekana, baba?"



Asali siku hizi inakwenda nyumba ya watoto wa Bi Mwanahawa. Kutoka stendi njia inapita mbele ya geti langu, kwa hiyo msimu ukifika namwona Dafroza. Hunipa shikamoo, naitikia marahaba, naye hupita bila kutua ndoo.